Sarafu Haina Kumbukumbu

Jioni moja hapa Vugiri kijana mmoja alinijia na karatasi ya kubashiri mpira, ile waiitayo "mkeka". Alikuwa amekwisha kuliwa mara sita. Katika fedha yake ya kuchuma chai ilibaki ile ya daftari za wadogo zake tu. Akaniuliza, "Karani, wewe ulisomea ualimu. Nimekosa mara sita. Ya saba si lazima nipate?"

Nikampa sarafu ya shilingi 200 airushe. Upande mmoja una sura ya Mzee Karume, wa pili una simba. Simba walipotokea mara tatu mfululizo akasema, "Sasa ni zamu ya Karume!" Wakatokea simba tena. Sarafu haikumbuki ya nyuma. Kila irushwapo huanza upya: nafasi 1 katika 2.

Hesabu hii si ya jana. Mwaka 1654 Blaise Pascal, Mkatoliki wa Ufaransa, na mwenzake Pierre de Fermat waliandikiana barua juu ya kugawa fedha za mchezo uliokatizwa. Hapo ndipo elimu ya kukadiria bahati ilipopata msingi.

Basi tuutazame mkeka. Tuseme una mechi 10, na katika kila moja una nafasi 1 katika 2. Andika mbili kumi, uzizidishe: utapata 1,024. Maana yake, katika mikeka 1,024 ya namna hiyo, tutarajie mmoja tu upate. Mechi moja ikikosewa, mkeka umechanika. Kwa shilingi 500, malipo ya haki yangekuwa shilingi 512,000. Mwenye mchezo hupanga kulipa chini ya hapo, maana ndiko iliko faida yake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, yafundisha kwamba michezo ya bahati si kosa kwa yenyewe. Huwa kosa inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea. Daftari za watoto ni mahitaji.

Kijana alinyamaza, akaukunja mkeka wake, akaenda dukani kabla halijafungwa.

Nawe mzazi, usiwagombeze vijana tu. Wape sarafu, wairushe mara 20, waandike kila itokeavyo. Wakijionea wenyewe, watakumbuka kuliko wakikaripiwa.