Walibadilishana Wasichokimiliki

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Garissa kwa njia ya Thika hupita Mwingi, kisha huteremka hadi daraja la mto Tana. Wachache wavukao hapo hukumbuka kwamba mto huo uliwahi kuwa ukomo wa fungu alilojikatia Mwingereza.

Mwaka 1886 Mwingereza na Mdachi waliafikiana kugawana bara letu. Kwa upande wa kaskazini walifuata Tana kutoka baharini, wakaazimia kufika pale Ikweta inapokutana na longitudo ya 38. Mwingi iko karibu kabisa na longitudo hiyo, kusini ya mto. Basi Wakamba wakatiwa katika fungu la Mwingereza, wala hapana mzee wao aliyeulizwa. Nao ndio waliokuwa wakiteremsha pembe za ndovu Mombasa miaka mingi kabla yake. Kivoi, mkuu wao wa Kitui, aliuawa karibu na Tana mwaka 1851, akiwa safarini pamoja na Krapf.

Ng'ambo ya mto, pwani, palikuwa na Witu. Sultani wake Ahmed, aliyeitwa Simba, alijitia chini ya Mdachi mwaka 1885 apate kinga mbele ya Sayyid Barghash wa Unguja. Kinga hiyo ilidumu miaka mitano tu. Tarehe 1 Julai 1890 Mdachi aliiacha Witu, akaridhia Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Mwingereza, naye akapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha mwamba katika Bahari ya Kaskazini huko Ulaya. Septemba Wadachi kadhaa waliuawa Witu. Oktoba manowari za Kiingereza zikaleta askari, na mji ukatiwa moto. Waliotafuta mlinzi walichomewa mji na mlinzi wa pili, wasiyemchagua.

Wahenga wamesema, fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Hapa fahali hawakupigana. Walipatana, na nyasi zikaumia vile vile.

Chuoni, katika mlango wa biashara, tulisomeshwa kwamba mtu hauzi asichokimiliki, na biashara ya namna hiyo ni batili. Watoto wetu, wa Mwingi na wa Lamu, wakisomeshwa tarehe za mikataba hii, wasomeshwe na hukumu hiyo pia.