Mnato wa Tando za Plastiki: Athari za Viambajengo na Umri

Katika bohari na bandarini, shehena iliyopangwa juu ya paleti aghalabu huzungushiwa utando mwembamba wa plastiki unaovutika. Utando huo haufungwi kwa kamba wala haupakwi gundi. Tabaka moja hujishika na jingine, na mshiko huo ndio uzuiao masanduku yasiporomoke lori linapokata kona. Ukilegea, ncha ya utando hufumuka, na anayepakua huweza kuangukiwa na mzigo. Makala haya yanaeleza mnato huo hutoka wapi, na kwa nini hubadilika kadiri siku zinavyopita.

Tando nyingi za aina hii hutengenezwa kwa polithini yenye minyororo mirefu na matawi mafupi. Kinyume cha dhana ya wengi, polithini hainati sana kwa tabia yake. Mnato huongezwa. Kiambajengo kinachotumiwa mno ni poliisobutilini, kimiminika kizito mithili ya asali, nacho hutiwa kwa asilimia chache tu ya uzito wa plastiki.

Ndani ya polithini mna sehemu za fuwele, ambamo minyororo imebanana, na sehemu zisizo na mpangilio. Poliisobutilini haiwezi kupenya kwenye fuwele. Hukaa katika sehemu zilizolegea, na kwa kuwa haipatani vyema na polithini, hujipenyeza polepole hadi juu, kama jasho litokavyo mwilini. Ndiyo maana utando uliotoka mtamboni leo hunata kidogo tu, ilhali jora lile lile hunata barabara baada ya siku kadhaa. Watengenezaji wengine huyaweka majora mahali penye joto kabla ya kuyauza, maadamu joto huharakisha safari hiyo na baridi huichelewesha.

Namna ya kupoza nayo ina uzito. Utando uliomiminwa juu ya rola baridi hupoa ghafla, ukawa na fuwele chache, na kiambajengo hupata njia kwa wepesi. Uliopulizwa kwa hewa hupoa taratibu zaidi, hivyo kwa kawaida huhitaji kuongezewa.

Hapa Kiswahili kina faida. Neno moja la kuzeeka halitoshi, kwani yapo mambo mawili yanayotendeka. Katika siku za mwanzo utando hukomaa: mnato hupanda. Baadaye huchakaa. Jora lililosahauliwa katika ghala lenye joto kali huendelea kutoa jasho hadi tabaka zikagandamana. Likivutwa hupiga kelele, na pengine huchanika. Mwanga wa jua huleta madhara mengine kabisa. Hukatakata minyororo ya polima, utando ukawa mkavu na mwepesi wa kupasuka, hata kama juu bado unanata. Anayechanganya ukomavu na uchakavu hukosea tiba: kuongeza poliisobutilini hakutaurejesha utando uliounguzwa na jua.

Viambajengo vingine havifuati mkondo huo. Vipo vinavyotokana na gliseroli, ambavyo hunasa unyevu wa hewani ili vinate; katika hewa kavu nguvu zake hupungua. Vipo pia vya kuleta utelezi, vinavyotiwa ili plastiki isikwame mtamboni. Hivyo navyo hupanda juu kwa njia ile ile, vikashindana na poliisobutilini usoni pa utando, na mnato ukashuka. Vumbi hufanya vivyo hivyo bila kualikwa.

Suluhisho mojawapo ni kuliundia tabaka la nje polima laini yenye msongamano mdogo sana, inayonata yenyewe. Utando wa namna hiyo haungoji ukomavu. Unaweza pia kupewa upande mmoja tu wa kunata, ili paleti mbili zinazogusana zisivutane na kuchaniana tando.

Mnato hupimwa kwa nguvu inayohitajika kubandua ukanda wa utando kutoka kwenye utando mwenzake. Kanuni ya Marekani ya ASTM D5458 hutumia ukanda wenye upana wa milimita 25, juu ya ubao ulioinama, na utando wa chini huweza kuvutwa kwanza kama utakavyovutwa kazini. Majora mawili ya kiwanda kimoja, moja la siku mbili na jingine la mwezi mmoja, huweza kutoa vipimo tofauti. Kwa hiyo namba ya mnato isiyoandamana na umri wa jora na joto la mahali lilipohifadhiwa haimwelezi mnunuzi lolote la kutegemewa.