Watoto Watano na Fomu ya Kodi

Sogeeni, niwahadithie nyumba moja. Nyumba yenyewe nimeitunga, lakini sheria zilizomo ni za kweli. Tuiweke Louisville, katika jimbo la Kentucky huko Marekani, mji waliohamia Wakongomani wengi.

Mama wa nyumba hiyo anafanya kazi ghalani, analea peke yake. Watoto anaowapikia ni watano: kifungua mimba wake, binti yake wa miaka 9, kichanga aliyezaliwa Novemba 2025, mtoto wa dada yake, aliyehamia hapo Agosti 2025 kutoka Texas, na binti wa binamu yake, anayeishi hapo tangu 2024. Wote wanamwita mama na wote wanakula sinia moja.

Serikali ya Marekani humpunguzia kodi ya mapato mtu anayelea mtoto. Nafuu hiyo ilianza mwaka 1998 kwa dola 400 kwa kila mtoto. Kwa mwaka 2025 ni dola 2,200. Je, katika watoto watano, ni wangapi watakaohesabiwa?

Sheria inaangalia umri. Mwaka unapofungwa, tarehe 31 Desemba, mtoto awe hajatimiza miaka 17. Kifungua mimba alizaliwa 30 Desemba 2008: imebaki siku moja mwaka uishe, akatimiza 17, akatoka. Mwenzake darasani aliyeandikiwa 1 Januari 2009 bado yumo. Wengi wenu mna jamaa walioandikiwa 1 Januari katika kambi ya wakimbizi kwa sababu tarehe halisi haikujulikana. Inayohesabiwa ni ile iliyo kwenye karatasi.

Inaangalia pia mahali anapoishi. Mtoto awe amekaa na mlezi huyo zaidi ya nusu ya mwaka. Mpwa aliyefika Agosti hajafikisha. Akibaki hapo, mwaka unaofuata atafikisha. Kichanga je? Huyo anaingia, maana tangu azaliwe hajaishi kwingine. Na mtoto akilazwa hospitali au akienda shule ya bweni, siku hizo huhesabiwa kama za nyumbani.

Kisha undugu, na hapa ndipo panaponiuma. Sheria inawakubali mtoto wa kumzaa, wa kambo, wa kuasili, na wa kulelewa aliyekabidhiwa na mahakama au wakala. Inawakubali wadogo zako, wajukuu, na watoto wa kaka na dada zako. Mtoto wa binamu hamo, hata kama wazazi wake walifariki na wewe ndiye unayemvusha barabara kila asubuhi. Kwa familia zilizokusanya mabaki ya ukoo baada ya vita, naona mstari huo umechorwa mahali pabaya. Mama akibeba zaidi ya nusu ya matumizi ya binti huyo wa binamu, naye akiwa amekaa hapo mwaka mzima, anaweza kumwombea nafuu ndogo ya dola 500. Hata kifungua mimba anaangukia humo.

Mtoto awe pia na namba ya Hifadhi ya Jamii inayoruhusu kufanya kazi, iliyotolewa kabla ya siku ya mwisho ya kutuma fomu. Kuanzia 2025, mzazi naye lazima awe na namba yake. Nyinyi ndio mnaowasomea wazazi barua na fomu, basi linganisheni majina herufi kwa herufi na kadi. Na mtoto mmoja hadaiwi na watu wawili. Wazazi wakitengana, kwa kawaida anayemdai ni yule ambaye mtoto amelala kwake usiku mwingi zaidi.

Wamebaki wawili, binti wa miaka 9 na kichanga: dola 4,400. Tuseme kodi ya mama ni dola 800. Nafuu inaifuta yote, zinabaki 3,600. Je, anapewa zote? Hapana. Kwa mwaka 2025, zinazoweza kurudishwa mkononi hazizidi dola 1,700 kwa mtoto, tena hupimwa kwa asilimia 15 ya mapato ya kazi yanayozidi dola 2,500. Mama alipata dola 32,000, kwa hiyo kipimo hicho anakivuka, na anarudishiwa 3,400. Mwenye kipato kidogo sana hupata kidogo, ingawa ndiye mwenye shida kubwa zaidi.

Hata mama akituma fomu Januari, sheria hairuhusu fedha hizo zitoke kabla ya katikati ya Februari.