Vepu imeisha na uko Kau? Kabla hujachukua sindano, soma hapa

Umeenda Kau kwa Idi. Basi la Lamu limekushusha njiani, bodaboda ikakufikisha Kipini, kisha mashua ikakupandisha Mto Ozi huku nahodha akikuonya usitie mkono majini, mamba hawana sikukuu. Umefika, umeamkia wazee, umekula wali wa nazi hadi ukalegea. Usiku wa pili unajitenga nyuma ya nyumba, unavuta vepu yako, na badala ya ladha ya embe unapata ladha ya kitambaa kilichoungua.

Imeisha. Na hapa ni Kau. Miembe iko kila upande, lakini duka la vepu la karibu liko safari ya mashua, bodaboda na basi.

Ndipo akili inapoanza kuchangamka kuliko ilivyowahi kuchangamka darasani. Si kuna glisirini ya chemisti? Si sindano zinapatikana? Na yale mafuta ya nazi jikoni kwa bibi, si nayo ni maji maji tu?

Ebu tulia kidogo. Weka hiyo sindano chini kwanza.

Vepu zinazouzwa mijini ni za aina tatu. Kuna ile ya kutupa, ambayo imefungwa kila upande: betri, pamba, waya na juisi vyote ndani ya kidude kimoja. Kuna ile ya katriji iliyojazwa kiwandani. Juisi ikiisha unachomoa katriji na kuchomeka nyingine. Halafu kuna ile ya kujaza mwenyewe, yenye kizibo kidogo cha mpira ubavuni. Ni hii ya tatu pekee iliyoundwa ifunguliwe. Hizo mbili za mwanzo, ukiona mtu anazibandua kwa kisu, ujue anapambana na kitu kilichotengenezwa kimsumbue.

Ndani ya katriji nyingi kuna pamba iliyozungushiwa waya, au waya uliozungushiwa pamba. Pamba inafyonza juisi, waya unapata moto, juisi inageuka mvuke. Juisi ndiyo inayoupoza waya. Ikipungua, pamba inakauka na waya unazidi kupata moto. Ile ladha chungu inayokukwaruza koo ni pamba inayoungua pamoja na glisirini iliyopitiliza joto, na hapo ndipo zinapotoka gesi kama fomaldehaidi na akrolini. Kwa hiyo ile tabia ya "nimalizie hiki kilichobaki" ndiyo mbaya kuliko zote. Huokoi chochote. Unavuta moshi wa kitambaa.

Wenye vepu za kujaza hukosea mahali pamoja hasa: haraka. Katriji ikiwa mpya au imekauka, pamba inahitaji dakika 5 hadi 10 kulowa vizuri kabla hujabonyeza chochote. Ukikurupuka unaichoma siku ya kwanza, halafu unalaumu juisi. Tundu la katikati nalo ni njia ya hewa. Ukimimina huko, juisi itakuja mdomoni. Na ukijaza mara nyingi bila kubadilisha katriji, sukari na rangi za zile ladha tamu huganda kwenye waya kama ukoko wa sufuria. Waya wenyewe huchakaa, na chembe za metali kama nikeli na kromiamu zinaweza kuingia kwenye mvuke. Katriji ikishaanza kunuka kuungua, hakuna juisi itakayoifufua.

Naelewa kwa nini watu wanabana. Serikali ilianza kwa kutoza ushuru wa Sh70 kwa kila mililita ya nikotini ya maji, na mwisho wa 2024 ukapanda hadi Sh100. Katriji ya mililita 2 ina ushuru wa Sh200 kabla muuzaji hajaweka faida yake. Mtu akikwambia anakujazia kwa bei ya soda, jiulize hiyo juisi imetoka wapi.

Swali hilo si la kuogopeshana. Mwaka 2019 hospitali za Marekani zilianza kupokea vijana wazima kabisa waliokuwa wakishindwa kupumua. Kufikia Februari 2020 wagonjwa 2,807 walikuwa wamelazwa au wamefariki, na waliofariki walikuwa 68. Wengi walikuwa wamevuta katriji zenye kilevi cha bangi, nyingi zikiwa zimetoka mtaani au kwa marafiki. Kilichopatikana ndani ni vitamini E asetati, mafuta ambayo watu hupaka usoni na kumeza kwenye vidonge bila shida yoyote. Kwenye ngozi yako sawa, tumboni sawa, kwenye mapafu ni janga.

Sasa rudi jikoni kwa bibi. Mafuta ya nazi ni mafuta. Karafuu, mafuta ya waridi, ile chupa ya manukato, vyote ni mafuta au vina mafuta. Pafu halina njia ya kuyatoa kama tumbo linavyofanya. Yanakaa humo na kuleta nimonia ambayo viuavijasumu haviitibu. Glisirini ya chemisti si mafuta, hilo kweli, lakini imeuzwa kwa ajili ya kupaka na kikohozi, na peke yake ni nzito mno, pamba haiifyonzi. Utaishia kuvuta pamba kavu tena.

Kuna na hili la nguvu. Ukiona "5%" kwenye pakiti, maana yake ni miligramu 50 za nikotini kwa kila mililita. Ulaya wameweka kikomo cha 20. Sigara moja humwingizia mvutaji kama miligramu 1 hadi 2. Juisi ya 50 imetengenezewa vidude vidogo. Mtu akiimimina kwenye kifaa kikubwa chenye moshi mwingi, atatapika na kuona nyota. Halafu unakumbuka nyumba ya Kau imejaa watoto, na chupa yako inanukia peremende. Kiasi kidogo tu kinaweza kumuua mtoto mdogo, na nikotini hupenya hata kwenye ngozi. Hiyo chupa isilale juu ya meza.

Uganda ilishapiga marufuku biashara ya vepu kwa sheria yake ya tumbaku ya 2015. Sisi huku shisha ndiyo iliyopigwa marufuku, Desemba 2017, lakini vepu bado zinauzwa karibu na chaja za simu. Kwa aliyekuwa akivuta pakiti ya sigara kwa siku na akahamia vepu moja kwa moja, amepunguza sumu nyingi. Lakini tuseme ukweli, marafiki zako wangapi walianzia kwenye sigara? Wengi walianzia kwenye embe na stroberi.

Na hapo ndipo Kau inakuonyesha kitu ambacho mjini hukioni, kwa sababu mjini hujawahi kukaa saa 12 bila kuvuta. Hasira za bure asubuhi. Kichwa. Usingizi wa mang'amung'amu. Bibi anakuuliza, "Mwanangu, waumwa?" nawe unasema ni mbu. Si mbu, ni arosto. Mbaya zaidi ni siku ya pili na ya tatu, kisha inaanza kulegea, na kwa wengi huisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Maana yake ni kwamba ukiwa umepanga kukaa Kau siku tano, sehemu ngumu itakuwa imepita kabla hujapanda mashua ya kurudi. Maji mengi, embe mbichi yenye chumvi na pilipili, kazi ya mikono shambani. Hamu yenyewe ikija haikai zaidi ya dakika chache. Ukizidiwa, laini ya NACADA ni 1192, haina malipo.

Na hiyo iliyoisha, usiitupe mtoni wala kwenye shimo la taka. Ndani yake kuna betri ya lithiamu, na taka za kijijini huchomwa. Betri hiyo ikipata moto hulipuka, na anayesimama karibu na moto mara nyingi ni mtoto. Izungushie selotepu, itie kwenye begi, urudi nayo mjini.