Kutafuta Faili la Sauti Lisilofunguka: Mfano wa Lugha za Mbinga na Ziwa Nyasa

Mtafiti ashukaye kutoka milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, hadi Mbamba Bay kandokando ya Ziwa Nyasa, hupita katika nchi ya lugha zilizo ndugu. Kimatengo na Kimpoto, Malcolm Guthrie aliziweka pamoja na Kingoni na Kimanda katika kundi la N10. Siku hizi sauti za wazee wasemao lugha hizo huwekwa katika seva, yaani kompyuta ihifadhiyo mafaili ya wengi, nao wenzi wa kazi huzisikiliza kutoka mbali kwa njia ya mtandao.

Nilipata kuona faili la masimulizi ya mzee mmoja likionekana katika orodha, lakini kila tulipolifungua tulijibiwa kwamba halipo. Mwenzetu alishauri lifutwe, lirekodiwe jingine; bali mzee yule alikuwa amekwisha kufariki. Kwa hiyo, kabla ya kufuta chochote, yapasa kuuliza maswali manne, moja baada ya jingine.

Kwanza, je, seva yafikiwa? Iite kwa anwani yake ya nambari badala ya jina. Ikiitika kwa nambari tu, kasoro imo katika utambuzi wa majina mtandaoni, wala si katika seva.

Pili, je, mlango u wazi? Itifaki ya SMB, itumiwayo sana na Windows, hupita katika mlango wa 445. Ile ya NFS, katika mlango wa 2049. Seva kuukuu ijuayo SMB ya kwanza peke yake huenda isielewane na kompyuta mpya, kwani Windows ilianza kuiacha itifaki hiyo mwaka 2017.

Tatu, je, ruhusa ipo? Kwa kawaida ruhusa ni mbili: ya folda inayoshirikiwa, na ya faili lenyewe. Iliyo kali zaidi ndiyo ishindayo.

Nne, je, jina ni lile lile? Hapa ndipo mwanaisimu ahusikapo kuliko fundi. Kimatengo kina irabu saba na toni, nasi hupenda kuandika alama zake hata katika majina ya mafaili. Lakini katika Unicode herufi á huandikwa kwa njia mbili: kama herufi moja, U+00E1, au kama a, U+0061, ikifuatwa na alama ya toni, U+0301. Jicho halioni tofauti. Mashine hulinganisha nambari, ikasema faili halipo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro yetu. Tulilibadilisha jina palepale kwenye seva, na sauti ya mzee ikasikika.

Basi, jina la faili liandikwe kwa herufi za kawaida, tarakimu na vistari. Toni ziandikwe ndani ya matini. Tena kadi ya kinasa sauti isifutwe mpaka sauti isikilizwe kutoka katika seva, na nakala ya pili iwekwe mahali pengine. Kutofunguka si kupotea. Kufuta ndiko kupoteza.