Kiini kikipoteza umbo, mtoto huzeeka

Ukitazama nyumba ya miti na udongo ikijengwa, utaona kwamba kinachoisimamisha si udongo unaoonekana kwa nje, bali ni fito zilizofungwa kwa ndani. Seli za mwili wako nazo zina fito zake. Ndani ya seli kuna kiini, na humo mmehifadhiwa DNA yenye urefu wa karibu mita 2, iliyokunjwa katika nafasi yenye upana wa takriban sehemu moja ya mia ya milimita. Kiini kimezungukwa na tando mbili nyembamba za mafuta, ambazo zingelegea kama mfuko mtupu lau kusingalikuwa na protini ziitwazo lamini, zilizosukana mithili ya wavu chini ya utando wa ndani.

Lamini A haizaliwi kamili. Kwanza hutengenezwa ikiwa na mkia, na ncha ya mkia huo hutiwa mafuta yanayoifanya inate kwenye utando. Hatimaye kimeng'enya huukata mkia, na lamini ikawa huru kujiunga na wenzake. Je, mkia usipokatika?

Mwaka 1886 daktari Mwingereza, Jonathan Hutchinson, alieleza habari za mtoto asiye na nywele, mwenye ngozi iliyosinyaa. Ugonjwa huo, uitwao projeria, ulibaki fumbo hadi mwaka 2003, wataalamu wa Marekani na wa Ufaransa walipogundua kwamba herufi moja tu ya jeni ya lamini A imebadilika. Protini hupungukiwa vipande 50, na miongoni mwa vilivyopotea ni pale hasa panapokatwa mkia. Basi hubaki imenata, na kiini kikatoka nundu na mikunjo.

Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Kabla ya kutimiza miaka miwili hudumaa, nywele humtoka, viungo hukakamaa na mishipa ya damu huwa migumu kama ya mzee. Akili yake haiguswi kamwe. Asipotibiwa, kwa wastani hufariki akiwa na miaka kama 14, aghalabu kwa moyo. Kwa kawaida kosa hilo hutokea upya kwa mtoto mwenyewe bila kurithiwa, kwa hiyo asilaumiwe mama wala asitafutwe mchawi.

Sam Berns wa Marekani alikuwa na ugonjwa huu. Wazazi wake, madaktari wote wawili, walishiriki kuanzisha taasisi ya kuuchunguza mwaka 1999. Sam alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 17. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha lonafarnib, dawa iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya saratani, ambayo huzuia mafuta yale yasishike mkia. Haiponyi, huongeza maisha kwa wastani wa miaka 2 na nusu.

Mwaka 2021 watafiti waliisahihisha herufi yenyewe katika panya wenye kosa hilo. Wale waliokuwa wakiishi takriban siku 215 walifikia siku 510.