Mji wa Mwanza na Ziwa Lake

Mwanza ni mji mkubwa ulio kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi ya Wasukuma. Mtu aufikiaye mara ya kwanza hustaajabia mawe yake. Maana vilima vyake vimejaa majabali makubwa yaliyopandana kana kwamba yalipangwa kwa mkono, na nyumba za watu zimejengwa katikati yake hata juu kabisa. Hata ndani ya maji liko jabali liitwalo Jiwe la Bismarck, limesimama juu ya mawe mengine wala halianguki.

Mwaka 1858 Mwingereza John Speke alifika pande hizi kwa miguu akaliona ziwa. Mwaka 1892 Wajerumani wakajenga boma lao hapa. Lakini boma peke yake halikuzi mji. Mji hukua kwa njia zake, yaani mahali ambapo mizigo ya watu wengi hukutana. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, na tangu hapo gari la moshi na meli zikapeana mizigo bandarini. Pamba ya Wasukuma ikapata njia ya kwenda pwani, na bidhaa za pwani zikapata njia ya kwenda Bukoba, Uganda na Kenya.

Njia nyingine ni mpya. Zamani mgonjwa aliyetoka Sengerema au Geita kwenda hospitali ya Bugando mara nyingi alingoja pantoni pale Busisi, hata ikiwa hali yake ni mbaya. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja kutoka Kigongo mpaka Busisi, urefu wake kama kilomita 3. Sasa gari huvuka kwa dakika chache, mchana na usiku. Dhahabu nayo huchimbwa Geita, na tangu mwaka 2021 mji una kiwanda cha kuisafishia.

Walakini utajiri uliofika kwa watu wengi zaidi ni samaki. Sangara hakuwa samaki wa ziwa hili. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Huyu ni samaki mkubwa ajabu, aweza kupita kilo 100. Alipoongezeka, vilijengwa viwanda vya kukata minofu, nayo ikapelekwa Ulaya kwa ndege. Mifupa na vichwa, ambavyo watu huviita mapanki, hukaangwa na kuliwa papa hapa. Basi mvuvi, mchukuzi, mfua barafu na mama muuza samaki, wote walipata riziki.

Lakini sangara ni mlafi. Aliwala furu, samaki wadogo wa asili, hata aina nyingi zikatoweka. Kisha watu nao wakawa walafi kuliko sangara. Wakatega nyavu zenye matundu madogo, wakavua hata wachanga, ijapokuwa sheria yakataza kuvua sangara asiyefikia sentimita 50. Samaki wakapungua, viwanda vingine vikafungwa, na watu waliovitegemea wakakosa kazi. Tena mvua inyeshapo, takataka za vilimani huteremka ziwani, nako ndiko mji uchotako maji yake ya kunywa.

Wasukuma ni wafugaji hodari, nao wajua kwamba ng'ombe hukamuliwa kwa kiasi. Ndama asipoachiwa maziwa hufa, na asiyelea ndama hatakuwa na zizi. Ziwa nalo ni vivyo hivyo. Reli na daraja vyaweza kujengwa kwa fedha, lakini samaki waliokwisha hawanunuliwi dukani. Mwenyezi Mungu ametupa ziwa hili tulitumie, wala hakutupa sisi peke yetu. Amewapa pia watoto ambao hawajazaliwa.